Shemeji Alipokwenda Kuelesha Mawe Tchegera

Mume wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ni mtu wa Lubumbashi, na ni mtu wa mawe. Kazi yake ni ya migodini. Jiwe lolote likimfikia mkononi hulilamba kwanza, akaligeuza juani, ndipo akutajie kilichomo. Alipokuja Goma likizo ya 2019, hata kabla ya kuketi alikuwa ameshalamba uzio wa parseli yetu, ambao kama wa majirani wengi umejengwa kwa mawe ya lava. Akatema. "Hamna kitu humu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa gunia la makaa lenye mchanga chini.

Yeye alitaka kupanda Nyiragongo. Tumbo lake halikukubali: mlima una mita 3,470, kutoka Kibati ulikuwa unapandwa kwa saa nne hadi sita, na kipande cha mwisho kilikuwa kukwea mawe yanayoserereka chini ya viatu. Yaya akaamua twende Tchegera. Ni kisiwa kidogo cha kaskazini mwa Ziwa Kivu, ndani ya Mbuga ya Virunga, chenye umbo la hilali kwa sababu si kisiwa cha kawaida: ni ukingo wa kasoko ya volkano iliyozama. Upande mmoja uko wazi, maji yakaingia, na ndani pakabaki hori lililotulia. Wakati ule watu walilala hemani, na hewa ikiwa safi unaona vilele vinne bila kunyanyua mguu: Nyiragongo, Nyamulagira, Mikeno na Karisimbi. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri yake ndiyo ya kupiga picha. Katikati ya kiangazi ukungu hufunika vyote, unabaki kupiga picha hema.

Raha ya kisiwa kile ina saa zake, na saa hizo hupangwa na upepo. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kama saa nne ziwa huwa limelala: huo ndio wakati wa kayaki, wa ubao wa kusimamia na wa kuogelea. Mamba hakuna Kivu, kiboko pia hakuna. Jua likishaichemsha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda pwani, na alasiri mawimbi yanapigana. Hapo mtu mwenye akili anapanda njia ya miguu ya ukingoni kutazama ndege, mnandi na mdiria, au anakaa kivulini. Usiku anatazama moto. Viatu vya kamba havivuliwi, hata majini, maana lava ina makali na nyayo hukatika bila mtu kuhisi mpaka atoke. Kofia ni lazima. Tuko chini kidogo tu ya ikweta, na kimo cha mita 1,460 kinafanya hewa iwe ya baridi, kwa hiyo jua linakuunguza bila wewe kujua.

Shemeji aliifuata ratiba hiyo yote, ila alianzia mkiani.

Asubuhi ile ya maji matulivu ililiwa na mazuku. Mtu mmoja mjini alikuwa amemweleza habari zake, naye akasikia nusu. Sisi wa Goma tunaijua tangu utoto: ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya mabondeni na mashimoni, haionekani. Mbuzi na mbwa hufa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Sehemu zake zinajulikana, hasa magharibi ya mji, upande wa Lac Vert na barabara ya Sake. Hatari yake ni usiku na alfajiri, hewa ikiwa imesimama. Upepo ukivuma hutawanyika.

Hiyo ya upepo ndiyo nusu ambayo hakuisikia. Alichokishika ni kwamba moto huzimika ndani ya mazuku. Basi mara tu boti ilipotufikisha, kabla hata mizigo haijashuka, akatoa kiberiti cha gesi, akakunja mgongo, akaanza kuzunguka ufukoni ameshikilia mwali usawa wa vifundo vya miguu. Kijipepo kikapita. Mwali ukazimika.

"Mazuku!"

Akapanda juu ya kiti. Akaona kiti ni kifupi, akahamia mezani, kwenye meza ya chai, kati ya buli na ndizi. Kutoka huko akamwita mke wake apande naye, na yaya akamwambia, "Papa Naomi, shuka, unakanyaga mkate."

Kiongozi wa kambi, kijana mpole sana, akaja kumweleza. "Muzee, ile ni mupepo. Pahali mupepo iko, mazuku haiwezi kubakia."

"Wewe umejuaje?"

"Niko hapa kila siku, na sijakufa."

Hoja hiyo haikumtosha. Alidai kipimo kirudiwe kila hatua kumi, na kiberiti kikawa kinazimika kila hatua kumi, kwa kuwa upepo nao ulikuwa unaamka. Aliposhuka mezani mara ya mwisho, saa ya kayaki ilikuwa imekwisha. Akala, akalala. Alipoamka ilikuwa saa tisa, hori limeanza kuwa na mikunjo, na yeye amejaa nguvu.

"Sasa," akasema, "kayaki."

Kwanza alikuwa amekusanya mawe, kiroba kizima. Mahali fulani alisoma kwamba jiwe la volkano huelea, na sasa alitaka kutuonyesha, huko penye kina, mbele ya mashahidi. Ni kweli lipo jiwe linaloelea, linaitwa pumisi. Hilo hutoka kwenye lava nzito, ya kunata, ambayo gesi ikitaka kutoka inaiumua kwanza hadi inakuwa povu gumu. Lava ya kwetu ni kinyume chake: ina silika kidogo, inamiminika mno, gesi inatoroka bila kuiumua. Ndiyo maana mwaka 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilikauka kwa muda usiofika saa moja, na 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Kinachobaki ni jiwe jeusi, lenye vitundu, ambalo linazama. Tumelijengea nyumba, tunajua uzito wake mgongoni. Lakini utamwambia nini mtu wa mawe kuhusu mawe?

Kayaki ya watu wawili ina utaratibu wake. Mzito hukaa nyuma. Wa mbele ndiye anayetoa mwendo, wa nyuma anafuata mpigo wake na kuongoza. Mikono inashika kasia kwa upana wa mabega, na nguvu inatoka kiunoni, mikono yenyewe inasindikiza tu. Shemeji alikaa mbele, "nione vizuri," akaweka kiroba katikati ya magoti, na bakuli la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga juu ya kiroba. Pua ya kayaki ikainama, mkia ukanyanyuka. Mkia ukiwa mwepesi upepo unausukuma, na pua inageuka yenyewe kuutazama upepo. Kila nilipoielekeza kambini, yenyewe ilirudi kutazama mdomo wa kasoko.

Kisha jile, fulana ya kuokolea. Lina vifungo vitatu, na vyote hufungwa. Kipimo chake ni rahisi: mtu akusimamie, avute mabega ya jile juu, likifika kidevuni, halijakaza. Shemeji alifunga kifungo cha juu peke yake, kwa kuwa viwili vya chini vilikutana na tumbo vikashindwa. Kiongozi akamwambia alegeze mikanda kwanza, kisha afunge, kisha akaze. "Ndiyo, ndiyo," akasema, akasukuma ufuko kwa kasia, tukaondoka. Kiongozi akabaki anapaza sauti kwamba tusitoke nje ya hori.

Katikati ya hori injini yangu ya mbele iliacha kupiga kasia, ikaanza somo la jiolojia. Jiwe la kwanza akalirusha taratibu. Likazama. La pili likazama. La tatu akalilamba kabla, akatabiri, likazama. "Haya yamejaa maji," akasema. Huku pua imekataa kugeuka na mimi peke yangu nafanya kazi ya watu wawili, tukawa tumefika mdomoni, mahali ambapo ukingo wa kisiwa unaisha na ziwa lenyewe linaanza. Huko nje Kivu ina mahali penye kina kinachopita mita 450. Shemeji akafurahi. "Hapa ndipo," akasema, na akachagua jiwe kubwa kuliko yote.

Kayaki haipinduki kwa sababu ya wimbi dogo. Inapinduka kwa kichwa. Kichwa kikikaa juu ya kitako, chombo kinacheza na kurudi. Kichwa kikitoka nje ya ukingo, mwili wote unakifuata. Shemeji alinyanyua jiwe kwa mikono miwili juu ya kichwa, akajipinda kuume kulirusha mbali, na wakati uleule kiroba nacho kikaporomokea kuume. Jiwe lilikwenda. Sisi tulikwenda nalo. Sambaza wa yaya, waliovuliwa Kivu, wakasafishwa, wakatiwa chumvi na kukaangwa, wakarudi Kivu.

Nilipoibuka nilimwona shemeji, au niseme nililiona jile lake. Lilikuwa limepanda hadi masikioni, kama kipimo kilivyotabiri, na ndani yake mlikuwa na macho mawili na sauti.

Kurudi ndani ya kayaki kutoka majini ni kazi ya dakika mbili mkifuata hatua. Mnaigeuza isimame sawa. Mmoja anakwenda upande wa pili na kuishikilia kwa uzito wake. Anayepanda anaweka mikono kwenye ukingo karibu na kiti, anaacha miguu ielee nyuma, anaipiga maji kwa nguvu, anajisukuma hadi alale kifudifudi juu ya kayaki akiwa amekatiza. Akishatulia hapo ndipo anageuza kitako kitini, na miguu inaingia mwisho. Siri yote ni kulala. Shemeji alitaka kuipanda amesimama, namna mtu anavyopanda lori. Akashika ukingo, akanyanyua goti, kayaki ikamgeukia kichwani. Akarudia. Ikarudia.

Wakati huo wavuvi wa sambaza walikuwa wanatoka kwenda kazini. Wao huondoka jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, na usiku huwasha taa samaki wapande kufuata mwanga. Wanapiga kasia kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Wakatuona, wimbo ukakatika. Wakaja polepole.

"Muzee, iko nini?"

"Tunapumzika," akasema shemeji kutoka ndani ya jile.

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema wanaweza kutupeleka kambini, dola kumi.

"Tano," akasema shemeji.

Mimi nilikuwa nimeshika kayaki kwa mkono mmoja na kasia kwa mwingine, nikamwomba alipe. Akanijibu kwamba kwao Lubumbashi bei ya kwanza haikubaliwi. Wimbi likamwingia mdomoni.

"Sasa ni kumi na mbili," akasema mvuvi. "Giza inaingia."

"Sita! Na hao sambaza wenu ni wetu, waliletwa huku kutoka Tanganyika!"

Hilo ni kweli, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mahali pale halikumsaidia. Wavuvi walicheka mpaka miti ikatikisika. "Kumi na tano," akasema mkubwa wao, "juu ya Tanganyika." Akainua kasia, na yule wa kuanzisha wimbo akaanzisha, mitumbwi ikaanza kuondoka.

"Kumi na tano! Kumi na tano!"

Walimvuta kwa mabega ya jile. Jile likaja peke yake. Wakarudi wakamvuta kwa mkanda wa suruali. Njia nzima hadi kambini waliimba, na maneno waliyatunga palepale: muanzishaji anasema "Muzee wa mawe," wengine wanaitikia "anazama nayo." Shemeji alikaa katikati ya wavu, amefunikwa kikwembe kilichonuka samaki, akiniuliza kwa nini hawaimbi kwa Kifaransa.

Pesa zilikuwa za yaya. Alizihesabu mkononi mwa mvuvi bila kumtazama mumewe. Kiongozi wa kambi naye akaja kumkumbusha shemeji, kwa heshima zote, kwamba mbugani jiwe halihamishwi, hata kwa utafiti.

Usiku, wekundu wa Nyiragongo ukatokea mawinguni. Miaka ile, kabla ya 22 Mei 2021, ziwa la moto lilikuwa bado limejaa kileleni na anga lake liliwaka kila usiku wenye hewa safi. Shemeji alichungulia hemani mara moja, akauliza kama boti ya usiku ipo, akaambiwa hakuna, akafunga zipu.

Asubuhi saa kumi na mbili hori lilikuwa tambarare. Yaya alikwisha kufunga vifungo vyote vitatu. Akaniambia nikae nyuma, yeye akakaa mbele, akapiga kasia kwa mpigo mmoja usiobadilika, na tukazunguka kasoko nzima kwa ndani bila kulowa. Mumewe alibaki ufukoni na taulo zetu mkononi, akituongoza kwa sauti kubwa: "Kushoto! Kushoto, shemeji!" Alikuwa ametuelekea, kwa hiyo kushoto kwake kulikuwa kulia kwetu.

"Usimusikilize," akasema yaya bila kugeuka. "Piga kasia."