Yule "mkuu wa majeshi" wa Marekani hana jeshi analoliamuru

Kila kukitokea vita utasikia kwenye taarifa ya habari "mkuu wa majeshi wa Marekani amesema hivi na hivi", na Mtanzania anayesikiliza picha inayomjia ni ya CDF wetu, jenerali ambaye juu yake yupo Amiri Jeshi Mkuu, akitoa amri makambi yanatekeleza. Kumbe yule ni mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, yaani anaongoza vikao vya wakuu wa nchi kavu, wanamaji, anga na wengineo. Ana nyota nne na hamna mwanajeshi anayemzidi cheo, ila kisheria hana hata kikosi kimoja cha kukipa amri ya vita, maana tangu sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 amri inatoka kwa Rais inaenda kwa waziri wa ulinzi halafu kwa makamanda wa kanda, mfano yule wa CENTCOM, kamandi inayoshika Mashariki ya Kati. Mwenyekiti anashauri, na amri inaweza kupitishwa kwake, basi.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. 1980 walienda Iran kuokoa mateka, marubani wa Marines kwenye helikopta za wanamaji, ndege za jeshi la anga, makomando wa nchi kavu, kila mmoja na utaratibu wake, helikopta ikagongana na ndege jangwani wakafa 8. Baada ya mambo kama hayo wakaona kila vita iwe na jenerali mmoja anayejulikana. Halafu mshauri asiyeongoza vita ni rahisi kumwambia Rais kwamba hapa tunapigwa.

Lakini raia hasomi sheria, anaangalia nyota. Juni 1, 2020 Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakati huo, alionekana anatembea na Trump karibu na Ikulu yao, kavaa kombati, waandamanaji wametoka kutimuliwa sasa hivi, watu wakaona jeshi limeshaingia kwenye siasa. Mshauri tu yule! Siku 10 baadae akaomba radhi hadharani.

Mimi naegemea kwetu, mwenye cheo awe na amri, mambo yakiharibika unajua wa kumuuliza, ingawa nakubali ni nguvu nyingi kwa mtu mmoja. Ila tafsiri turekebishe jamani. Tuseme "mwenyekiti wa wakuu wa majeshi", ni refu lakini ndo lenyewe, sababu akiongea yeye ule ni ushauri, akiongea wa CENTCOM kuna meli zinasogea, na mwenye ndugu Muscat au Dubai anataka kujua ni yupi kaongea.