Panda Bustani Kwanza, Samaki Watakuja

Hapa mtaani kwetu Dar es Salaam, fagio la chelewa huanza kulia kabla jua halijachomoza. Kinachofagiliwa ni majani ya mkungu, yale mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka. Yanakusanywa, yanawashwa moto, moshi unatuingia vyumbani. Majani hayohayo, wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanayanunua kwa pakiti, yamekaushwa na kuhesabiwa, ili wayatie kwenye akwariamu zao, yaani matangi ya kioo ya kufugia samaki. Yakilowa yanayapa maji rangi ya chai na uchachu kidogo, nao uduvi wadogo huyatafuna taratibu mpaka ubaki ule mshipa wa katikati tu.

Naanza na mkungu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba akwariamu ya mimea hai si anasa ya kuagiza ng'ambo. Sehemu kubwa ya vinavyohitajika tunavyo. Tunachokosa ni subira ya wiki 6, na kukubali kwamba tunachojenga ni bustani, samaki ni wageni wake.

Jirani yangu, mzee mstaafu, alibisha hodi mwezi uliopita. "Mwanangu, samaki wangu wamekufa tena. Na maji nabadilisha yote kila Jumamosi, yanang'aa kabisa."

Nikaenda kuangalia. Kioo kilikuwa safi, kokoto za bluu, mti wa plastiki, chujio linafanya kazi vizuri. Kilichowaua samaki wake ni huo usafi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye chujio na mchanga. Mzee alikuwa akiwaosha kila wiki kwa maji ya bomba yenye klorini, kisha anarudisha samaki kwenye maji yasiyo na mlinzi.

Mimea hai hufanya kazi ambayo plastiki haiwezi. Inakula amonia moja kwa moja, kama mchicha unavyokula samadi. Ndiyo maana nasema panda mingi siku ya kwanza, ijaze tangi. Wengi wetu tunanunua miche mitatu na samaki ishirini, wakati ingepaswa kuwa kinyume chake.

Akwariamu yangu ya kwanza nayo ilikufa, kwa makosa mengine. Niliokota mawe ya matumbawe na mchanga mweupe wa pwani, kwa uzuri wake, bila kujua kwamba ni chokaa tupu inayoyeyuka pole pole na kuyafanya maji kuwa magumu. Majani yakawa ya njano. Siku hizi jiwe lolote nalidondoshea siki kwanza, na likitoa povu linabaki bustanini nje. Halafu kuna muuzaji mmoja aliyeniuzia mimea yenye majani ya mistari ya kijani na nyeupe, akaapa kwamba ni ya majini. Ilikuwa Dracaena, mmea wa chungu cha sebuleni. Ndani ya wiki chache iliozea majini na kuyachafua. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu wanaoanza wanalipa pesa kwa kitu ambacho hakiwezi kuishi, kisha wanajiona hawana mkono wa kupanda.

Sasa hivi nina tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, linalobeba kama lita 65 kabla ya kutiwa udongo na mawe. Chini nimeweka udongo wa bustani uliochekechwa, sentimita 2 au 3, usio na mbolea ya dukani, na juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Njia hii ya udongo chini na mchanga juu imeenezwa sana na Diana Walstad wa Marekani, na kwa mifuko yetu haina mpinzani. Mitungi ya hewa ukaa inakuza mimea haraka kweli, ila anayeanza naomba aiache kwanza.

Mmea ninaoupenda kuliko yote ni Anubias. Asili yake ni kingo za mito na vijito vya Afrika ya Magharibi na Kati, Kameruni, Nigeria, Gabon, Kongo, na ulipewa jina la Anubis, mungu wa Wamisri wa kale. Ushike mkononi uutazame. Jani ni gumu kama la mkorosho, na shina limelala kama kipande cha tangawizi ya kijani, mizizi ikishuka chini na majani yakipanda juu. Shina hilo usilifukie kamwe, litaoza. Lifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi mweusi wa kushonea, na baada ya miezi kadhaa mizizi itakuwa imelishika yenyewe, uzi hauna kazi tena. Unatoa jani moja labda kwa wiki tatu. Mwani ukiuvamia, ujue taa yako imezidi.

Nyuma nimepanda Vallisneria, zile nyasi ndefu kama utepe, ambazo hata Ziwa Tanganyika zimo. Hii inatembea yenyewe chini ya mchanga na kuzaa miche, na ndiyo inayofyonza amonia katika wiki za mwanzo.

Kuhusu kupanga mawe na mimea, mwalimu wa wengi ni Takashi Amano wa Japani, mpiga picha wa misitu aliyezaliwa Niigata mwaka 1954, akaanzisha kampuni yake mwaka 1982 na kufariki mwaka 2015. Mwaka huohuo wa kufariki kwake lilifunguliwa Lisbon tangi alilolibuni, lenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Mimi sina mita 40, lakini kanuni ni zilezile. Mawe yawe kwa idadi ya witiri, 3 au 5, na jiwe kubwa lisikae katikati kabisa, lisogee pembeni kidogo, mengine yainamie upande wake kama yamepigwa na mkondo mmoja. Mchanga mbele uwe wa chini, nyuma uinuke hadi sentimita 8 au 10, jicho litadhani tangi ni refu kwenda ndani. Acha na mahali patupu. Hapo ndipo wengi tunashindwa, kila penye nafasi tunachomeka kitu. Gogo langu ni tawi kavu la mpera lililochemshwa siku nzima. Mikoko tuiache baharini ilinde pwani.

Taa ya LED iwake kwa muda wa saa 6 kila siku katika mwezi wa mwanzo wa tangi, baadaye iongezwe hadi muda wa saa 8, na tangi lisikae mbele ya dirisha linalopigwa na jua. Mwani ukija, punguza mwanga na chakula kabla ya kukimbilia dawa. Umeme ukikatika mchana sina wasiwasi. Usiku ndipo ninapoamka, kwa sababu gizani mimea nayo inavuta oksijeni, na maji yetu ya joto yanabeba oksijeni kidogo. Nachota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, tena na tena, mpaka umeme urudi.

Mimea ikishiba mwanga, kama saa nane mchana, utaona kitu kwenye ncha za majani: tone dogo la fedha linavimba, linaachia, linapanda juu, na nyuma yake lingine limeshaanza. Ni oksijeni ambayo maji yamejaa nayo mpaka hayawezi kuipokea tena. Mimi hukaa hapo na chai yangu mpaka ipoe.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zote: unapopunguza mimea, usiitupe kwenye mtaro wala mto. Magugu maji yalitoka bonde la Amazon, yakasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanajua yaliyofuata. Mabaki yangu nayaanika juani mpaka yakauke, kisha yanaingia kwenye vyungu vya maua.

Tunavyo hata samaki. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja na hapatikani kwa asili kwingine. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, dume ana mkia mwekundu kama kaa la moto, na kidimbwi kikikauka mayai husubiri ndani ya tope hadi mvua zirudi. Wafugaji wa Ulaya wanamfuga kwa miaka mingi, sisi tunamwaga kifusi juu ya vidimbwi hivyo wakati wa kiangazi bila kujua kuna maisha chini yake.

Mzee amekubali kuanza upya. Kokoto za bluu amezitoa, udongo tumechekecha pamoja barazani kwake, na nimemtengea miche mitatu ya Anubias kwenye ndoo pamoja na kifungu cha Vallisneria. Tunapanda Jumamosi. Nimemwambia alete uzi mweusi na majani machache ya mkungu, samaki tutazungumza mwezi ujao.