Usiseme Kule Hakuna Graviti

Jana nimekutana tena na ile video ya mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield akikamua kitambaa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, na maelezo chini yake ni yaleyale: "Kule hakuna graviti." Nimeyachoka. Kituo kile huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400, na huko graviti ya dunia, yaani nguvu yake ya kuvuta vitu, bado ni takriban asilimia 90 ya hii tuliyo nayo hapa chini. Kituo kinaanguka daima huku kikiizunguka dunia, wanaanga wanaanguka nacho, na maji vilevile, vyote kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana hakuna kinachokilalia kingine.

Sasa tazama kitambaa chenyewe. Ni wanafunzi wawili wa sekondari wa Kanada waliobuni jaribio hilo, Hadfield akalifanya mwaka 2013. Anakamua, maji yanatoka, lakini hayadondoki. Yanakizunguka kitambaa kama mrija, kisha yanatambaa hadi mikononi na kung'ang'ania pale kama jeli. Watu husema maji yamepoteza akili. Hapana! Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushika ngozi na nguo, hata hapa duniani. Tone la umande juu ya jani lina umbo lile kwa sababu hiyohiyo. Ila hapa uzito huwahi kuyavuta chini.

Nakubali, "hakuna graviti" ni rahisi kumwambia mtoto. Lakini mtoto huyo atabaki akidhani maji ya huko ni mchezo tu. Julai 16, 2013, mwanaanga Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo pale maji yalipoanza kuvuja ndani ya kofia ya vazi lake, kama lita moja na nusu. Hapa yangemchuruzika shingoni, basi. Kule yalitambaa kutoka kisogoni, yakamziba masikio, macho, hadi pua. Alitikisa kichwa, hayakubanduka. Alirudi mlangoni haoni, akifuata mvuto wa kebo yake ya usalama. Kila nikilifikiria hilo moyo hunipiga.

Na tabia hiyohiyo humhudumia anayeielewa. Mwaka 2008 mwanaanga Mmarekani Don Pettit alikunja karatasi ya plastiki ikawa kikombe chenye kona kali upande mmoja. Kahawa ikapanda yenyewe kwenye kona ile mpaka mdomoni, akanywa.