Kustaafia Silver City: jua lipo, daktari je?

Watu wa Afrika Mashariki waliotua Marekani miaka ya 1990, wakiwa na nguvu za kupiga zamu mbili kwa siku, sasa wanagonga miaka 65. Ukiwasikiliza kwenye harusi na misiba yao utaona mazungumzo yamehama. Zamani ilikuwa karatasi za ukaazi na kiwanja cha nyumbani. Siku hizi ni magoti, sukari na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Wengi wao wanaona njia mbili tu mbele yao: ama warudi walikotoka, ama wabaki jirani na watoto huko Dallas au Minneapolis.

Wamarekani wenyewe wana njia ya tatu ambayo wameizoea tangu mjenzi Del Webb alipofungua Sun City, Arizona, tarehe 1 Januari 1960, nayo ni kulifuata jua Kusini-Magharibi. Asiyetaka kuishi kwenye mitaa ya wazee watupu ana miji midogo ya zamani, mingi ikiwa ya machimbo, yenye watu wa rika zote. Kuna Bisbee kule Arizona. Kuna Truth or Consequences, New Mexico, mji uliobadili jina mwaka 1950 kwa ajili ya kipindi cha redio (ndiyo, redio). Hapa nitaushika mmoja, Silver City ya New Mexico, kwa kuwa mazuri na mabaya ya miji hii yote yanaonekana pale waziwazi.

Kabla ya kuupima, tujiulize kwa nini mtu wa kwetu abaki Marekani uzeeni. Pensheni ya Social Security inaweza kumfuata raia wa Marekani hadi Mombasa au Moshi. Medicare, kwa kawaida, haivuki mpaka. Mwenye betri ya moyo na dawa za kila siku akishapiga hesabu ya hospitali binafsi za nyumbani, anaamua kubaki. Basi kama kilichombakisha ni matibabu, mji wowote anaoufikiria lazima upimwe kwanza kwa matibabu. Hapo ndipo sifa za Silver City zinapoanza kupungua, ingawa si chache.

Tuanze na hali ya hewa. Ukitaja jangwa, mtu anafikiria Phoenix, ambako mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi siku 31 mfululizo, na kaunti yake ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Silver City haiko hivyo. Imekaa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Mchana wa kiangazi unafika nyuzi 30 na ushee, usiku unahitaji shuka zito, na mvua za ngurumo huja Julai hadi Septemba. Tofauti na Nairobi ni majira ya baridi: usiku maji yanaganda, na theluji huanguka kidogo kisha ikayeyuka. Kwa aliyezoa theluji kwa koleo Minnesota miaka 25, hayo ni mapumziko.

Nyumba nyingi hazihitaji kiyoyozi cha gharama. Juu ya paa utaona sanduku lenye feni na pedi zinazoloweshwa maji. Hewa kavu ikipita kwenye pedi inaingia ndani ikiwa baridi, na umeme unaotumika ni mdogo. Ila mvua za Julai zikija na unyevu, sanduku hilo linapuliza hewa ya vuguvugu tu, na mwenye nyumba anabaki kulilaumu.

Watu kuhamia pale kwa ajili ya afya si jambo jipya. Mji ulianzishwa 1870, na miaka minne baadaye mama yake Billy the Kid, yule jambazi maarufu, alifia pale kwa kifua kikuu, maradhi ambayo wengi waliyakimbizia kwenye hewa kavu ya milimani. Mwaka 1899 jeshi liligeuza Fort Bayard, ngome iliyo kilomita chache tu kutoka mjini, kuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ngome hiyo ilianzishwa 1866, na waliokuwa wa kwanza kuikalia ni askari weusi. Mtu mweusi atakayekwenda kuishi pale leo atakuwa mmoja wa wachache sana, lakini hatakuwa wa kwanza.

Kwa upande wa pesa, New Mexico iliacha mwaka 2022 kutoza kodi ya jimbo kwenye Social Security kwa mtu mmoja mwenye kipato kisichozidi dola 100,000, au dola 150,000 kwa wanandoa. Aliyefikisha miaka 100 na asiye tegemezi wa mtu halipi kodi ya mapato ya jimbo kabisa, kwa hiyo jitahidini. Kodi ya majengo ni ya chini ukilinganisha na majimbo mengi. Kodi ya mauzo, kwa upande mwingine, inauma, na inagusa hata kazi za mafundi. Kuna chuo kikuu, Western New Mexico, kwa hiyo vijana, maktaba na mihadhara havikosekani. Nyuma ya mji kuna msitu wa Gila, wenye eneo la pori la kwanza kutengwa rasmi nchini Marekani, mwaka 1924.

Sasa daktari. New Mexico ina uhaba wa madaktari unaojulikana nchi nzima, na karibu kaunti zake zote zimeorodheshwa na serikali kuu kuwa na upungufu wa wahudumu wa afya. Silver City ina hospitali yake, na hilo ni zaidi ya miji mingi ya ukubwa wake. Lakini hospitali za miji kama hii ni za kupokea, kutuliza na kupeleka mbele. Ile ya Bisbee, kwa mfano, imo kwenye mpango wa serikali kuu ulioanzishwa 1997 unaozipa nafuu ya malipo hospitali ndogo za vijijini zisizozidi vitanda 25. Mpango huo umeziokoa nyingi zisifungwe. Hauzipi daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Chukua kiharusi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hiyo hospitali ndogo inaweza kuitoa. Bonge likiwa kubwa la kutolewa kwa mrija, unahitaji mji mkubwa: El Paso ni karibu kilomita 250, Tucson karibu 320, Albuquerque zaidi ya 380. Utapelekwa kwa ndege ya wagonjwa kama anga inaruhusu, na jioni ya Julai yenye radi si kila mara inaruhusu. Medicare huilipia safari hiyo ikionekana ni lazima, lakini asilimia 20 inabaki kwako kama huna bima ya nyongeza. Wenye mipango ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, wakumbuke pia kwamba mipango hiyo ni ya eneo maalum. Ule wa Minneapolis hauhami na wewe.

Ingekuwa ni dharura tu, ningesema mtu ajipe moyo. Kinachochosha zaidi ni miadi ya kawaida: daktari wa macho, wa moyo, wa figo. Safari ya kuwafuata mji wa Las Cruces ni kilomita 180 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa miadi ya dakika 20. Haki itendeke lakini: New Mexico hiyo hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 2003, mradi wa ECHO wa chuo kikuu chake, ambapo madaktari wa vijijini hukaa kwa video na mabingwa na kujifunza kutibu maradhi ambayo awali yalihitaji safari. Ulianza na homa ya ini aina ya C na umeenea duniani. Unasaidia, ila video haipimi presha ya jicho.

Afya ina pande mbili nyingine zinazomhusu mtu wetu hasa. Kwenye majangwa ya chini ya Arizona kuna homa ya bondeni, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na fangasi wa kwenye vumbi. Wengi hupona bila hata kujua, lakini wazee na watu wenye asili ya Afrika wamo katika makundi yenye hatari kubwa ya kuugua vibaya. Miji ya juu kama Silver City haina tatizo hilo kwa kiwango cha Phoenix na Tucson. Lakini mwinuko huo huo una hewa nyepesi, na mwenye mapafu au moyo dhaifu aongee na daktari wake kabla ya kuongea na dalali.

Maji na moto nitavisema kwa ufupi, ingawa vinaweza kufuta kila hesabu. Ruidoso, mji mwingine wa milimani wa New Mexico unaopendwa na wastaafu, uliunguzwa Juni 2024. Majengo yapatayo 1,400 yaliteketea, na Julai 2025 mafuriko yaliyotiririka kutoka kwenye vilima vilivyoungua yakaua watu watatu. Gila nayo iliwaka 2022. Bima ya nyumba inayafuata matukio haya kwa karibu. Kuhusu maji, sheria ya Arizona ya 1980 ya kudhibiti maji ya chini ya ardhi iliyaacha maeneo mengi ya vijijini nje, na kule Willcox visima vya nyumba vimekauka huku mashamba makubwa yakichimba chini zaidi. Ukiipenda nyumba yenye kisima, uliza kina chake kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Upweke nao una sura zake. Chakula kinakaribia cha kwetu kuliko watu wanavyodhani: maharagwe, nyama ya mbuzi, na pilipili. Mwishoni mwa Agosti, nje ya maduka, pilipili za kijani za Hatch, mji mdogo wa New Mexico, huzungushwa ndani ya pipa la wavu juu ya moto wa gesi mpaka ngozi ipasuke, na moshi wake unakaba koo mtaa mzima. Unga uliojaa madukani, hata hivyo, ni wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Ukiusonga, unapata kitu chenye harufu ya tortilla, chapati ya Kimeksiko. Hayo yanavumilika. Kigumu ni kwamba jumuiya za Waswahili na Wakongo ziko Tucson, Phoenix na Albuquerque. Siku ya msiba, anayepiga simu, anayekusanya mchango na anayepika wote wako saa kadhaa mbali.

Kuna jambo moja ambalo wanandoa wa miaka 66 huwa hawalitaji. Uamuzi wa kuhama hufanywa na watu wawili wenye magari mawili, kisha huishia kwa mtu mmoja wa miaka 82 aliyeacha kuendesha usiku. Silver City ina basi la umma, si haba, lakini halitakupeleka kwa daktari wa moyo Tucson. Atahitaji mlezi wa nyumbani, na mlezi huyo ni kijana wa pale pale anayetafuta nyumba ya kupanga. Wastaafu wenye fedha za majimbo ghali wanapopandisha bei za nyumba, wanamsukuma nje mtu yuleyule watakayemhitaji baadaye. Wenyeji, ambao nusu hivi ni wa asili ya Kihispania na wengi wameishi kwa shaba ya migodi ya Chino na Tyrone vizazi kadhaa, wana haki ya kunung'unika.

Kwa maoni yangu, mji huu unafaa kwa wanandoa wenye afya ambao mmoja wao ni mdogo kwa miaka kadhaa, na wenye mtoto Phoenix, Tucson au El Paso. Hata hao wapange nyumba mwaka mzima kwanza, wakiuona Mei na Juni yenye upepo na moshi, kabla ya kununua. Nyumba katika soko la watu chini ya 10,000 inaweza kukaa muda mrefu bila mnunuzi siku utakayotaka kuondoka haraka. Kwa aliyekwisha kuwa mgonjwa, au anayeishi peke yake, ningemwambia aende Las Cruces. Haina haiba ya Silver City, na kiangazi chake kinachoma zaidi. Lakini ni mji wa watu zaidi ya 110,000 wenye hospitali kubwa mbili, na kutoka hapo El Paso ni kilomita 70 tu.