Kisiwa Kilichokula Mbuzi Wangu

Mimi ni mtu wa usafi. Naanza na hilo kwa sababu balaa lote lilianzia hapo.

Nina kibanda cha kujazia watu filamu kwenye flashi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni kuvukia Kenya. Siku hiyo mikononi nilikuwa na msimu wa kwanza wa Lost, mfululizo wa televisheni wa Marekani, faili 24, na majina yake yalikuwa machafu ajabu. Herufi, nukta, mistari, tarakimu, utadhani namba ya injini ya trekta. Nikayasafisha. Nikafuta takataka zote nikaandika 1, 2, 3 mpaka 24. Kwenye kompyuta yangu zikajipanga moja nyuma ya nyingine kama wanafunzi wakati wa bendera. Nikazihamishia kwenye flashi ya Afande, nikapiga mluzi.

Afande ni jirani yangu, polisi mstaafu. Kiinua mgongo chake kilipotoka alinunua televisheni ya inchi 43 na akaifunga verandani, maana hapendi kutazama kitu peke yake. Jioni utamkuta pale Hajji wa vitenge, Katekista, Mkunga aliyestaafu kituo cha afya, kijana wa boda, madereva wawili watatu wanaongoja karatasi zao za forodha, na watoto ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Wengine Kampala wakisikia Kiswahili wanashika mifuko yao. Hapa kwetu tunakigombania, tunakikopeshana, na mtu akikosea ngeli hakuna anayemfukuza.

Sasa, Lost hiyo ilikuwa Kiingereza kitupu, haijapita kwa VJ. Kwa asiyejua Uganda: huku filamu hailiwi mbichi. VJ anapandisha sauti yake juu ya sauti za waigizaji, anatafsiri kwa Kiganda, anatia chumvi, anamzomea adui, na jambazi wa Hollywood anaweza kupewa jina la mtaa wa jirani. Filamu bila VJ ni chai bila sukari. Afande akanitazama.

"Wewe Kizungu unakijua. Tuwekee Kiswahili."

Hapo kichwa changu kikavimba. Mfululizo wenyewe sikuwahi kuutazama. Nilikuwa nimeokota vipande tu, kwamba ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2004, kwamba ulikwenda misimu 6, na kwamba huko mbele watu wanaanza kurukaruka katika wakati. Nikaona mtaji huo unanitosha.

Usiku wa kwanza ulikuwa mtamu. Ndege ya Oceanic 815, iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles, imekatika vipande na kuanguka kisiwani. Daktari Jack anakimbia katikati ya mabaki, injini bado inanguruma, mara inamvuta mtu ndani mzimamzima. Hata watoto walinyamaza. Mwishoni kitu kisichoonekana kikamchomoa rubani kupitia dirishani, Katekista akajifanyia ishara ya msalaba.

Televisheni ikaingia sehemu iliyofuata yenyewe. Huko tukakuta watu wameshazoeana, wana mapango ya kulala, na yule bonge Hurley anapita na karatasi akiandika majina ya wote.

"Mbona mbio hivi?" Afande akauliza.

VJ hakosi jibu. "Hapo zimepita wiki mbili, Afande. Wazungu hawaonyeshi kila kitu."

Wakakubali. Kukubali kwao ndiko kulikoniponza, maana tangu hapo kila penye shimo nilifukia kwa mdomo. Na tafadhali mniangalie ninavyojichimbia: kila sehemu huanza na kipande kifupi cha kukumbusha yaliyopita, mimi nikawa nakiruka kwa rimoti. Nilisema watoto wana shule kesho.

Tulikuwa tukitazama mbili kila usiku. Usiku wa tano zilitajwa zile namba za Hurley, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, zilizompa utajiri wa bahati nasibu na mikosi juu yake. Kesho yake kijana wa boda akazipeleka kubeti, akapoteza shilingi 2,000, akanidai mimi. Niliposoma baadaye kwamba Januari 2011 bahati nasibu moja ya Marekani ilitoa 4, 8, 15 na 42, na maelfu waliokuwa wamecheza namba za Hurley wakaokota dola 150 hivi kila mmoja, sikumwambia. Angenidai hizo pia.

Usiku wa sita ndipo mambo yalipoanza kutoa harufu. Kuna kijana mmoja mzuri wa sura, Boone. Alipanda ndege ndogo iliyonasa juu ya mti, ikaanguka naye. Mzee Locke akambeba akivuja damu mpaka kwa daktari. Tukasikitika. Sehemu iliyofuata, Boone yuleyule anapanda mlima na wenzake kutafuta mawimbi ya redio, pumzi zimejaa kifua, hana hata plasta.

Afande akasimama. "Huyu si alivunjika?"

"Daktari Jack ni hodari," nikasema.

"Hodari gani huyo! Mimi goti langu lina mwaka wa nne."

Usiku wa saba Boone akafa. Kumbe hodari alikuwa amechemsha. Na usiku huohuo, huko msituni, yule binti mjamzito Claire akashikwa na uchungu, na aliyemzalisha ni Kate, ambaye si mkunga wala si jamaa wa mkunga. Mkunga wetu aliacha kiti chake akaenda kusimama mbele ya kioo. "Mshike kichwa! Usimvute! Wewe msichana, mshike kichwa!" Sisi wengine tuliona mgongo wake tu na kitenge chake cha njano. Mtoto alipolia, akarudi kukaa akijifuta jasho, madereva wakampigia makofi. Kisha wakamzika Boone, Katekista akavua kofia.

Usiku wa tisa akina Michael, waliokuwa wameondoka na chelezo chao, wakavamiwa baharini, chelezo kikalipuliwa, mwanawe Walt akatekwa. Kilio. Sehemu iliyofuata: Walt yuko ufukweni anauliza mbwa wake yuko wapi. Na pembeni, usiku, ameshika bastola akilinda wenzake waliolala, ni nani?

"Boone!" watoto wakapiga kelele.

Hakuna aliyemtazama Boone. Wote walinitazama mimi.

"Huyo ni pacha wake," nikasema, na hata mimi nikajionea huruma.

Usiku wa kumi ukanimaliza. Claire anazunguka akikusanya majina ya marehemu ili asome kwenye ibada yao, na tumbo liko mbele yake kama gunia la mahindi. Mkunga akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akanigeukia polepole.

"Kijana. Huyu amezaa juzi."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni mimba ya miezi minane."

"Ndiyo, mama."

"Nimefanya kazi hii miaka 31. Mtoto yuko wapi, na hiyo imeingia lini?"

Kabla sijajibu, mzee Locke akaonyeshwa alivyokuwa kabla ya ajali, kwenye kiti cha magurudumu, na kisiwani anatembea. Sehemu iliyofuata Jack analifungua jeneza la baba yake, tupu. Boone naye, aliyekwisha kufa na kuzikwa, nusura afe tena, safari hii kwa kuzama.

Veranda ililipuka. Katekista akasema hapo ni toharani, wanasafishwa, ndiyo maana kila mmoja anakumbushwa dhambi zake. Hajji akasema toharani haiijui, ila barzakh anaijua, na ile ni barzakh. Afande akawatuliza wote kwa mkono wa trafiki. "Nimekaa barabarani miaka mingi. Ajali ya namna ile haiachi mtu wa kumuuliza maswali. Wale wote wamekufa tangu sehemu ya kwanza."

Mimi nikatoa nadharia yangu, niliyoishona kutoka vile vipande vyangu: hakuna aliyekufa, wakati wenyewe ndio unazunguka pale kisiwani. Jana inarudi, kesho inatangulia. Nikaieleza vizuri kiasi kwamba madereva wakaanza kuhamia kwangu.

"Weka mbuzi," Afande akasema.

Nilikuwa na mbuzi mmoja, beberu mweusi niliyemlisha maganda ya matoke tangu akiwa kitoto. Nikamweka. Mkunga akafanywa hakimu. Tutaamua faili za msimu zikiisha.

Zikaisha usiku wa kumi na mbili. Sehemu ya mwisho tukamwona Ethan, ambaye tulishuhudia akipigwa risasi na kufa, yuko hai na anawinda na Locke. Nikamkonyeza Afande: mzunguko! Naye akanikonyeza mimi: maiti! Halafu Sayid yuko msituni peke yake, anasikia minong'ono pande zote, kioo kikawa cheusi. Tukangoja. Hakuna kitu.

"Ndio mwisho?" Hajji akauliza. "Na lile shimo walililipua la nini?"

Mjukuu wa Afande, binti anayesoma sekondari mwaka wa kwanza, alichukua rimoti arudi kwenye orodha. Hakuna aliyemtuma. Akaikodolea macho.

"Babu, mbona baada ya 1 kuna 10?"

Tukasoma wote, kimyakimya, kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani ubaoni. 1. 10. 11. 12. Mpaka 19. Kisha 2. Kisha 20 mpaka 24. Kisha 3, 4, 5, mpaka 9.

Televisheni ya Afande haihesabu. Inapanga namba kama kamusi inavyopanga maneno: kila kinachoanza na 1 kitangulie, hata kikiwa 19, na 2 ingoje zamu yake. Majina yale machafu niliyoyafuta yalikuwa yameandikwa 01, 02, 03 na kuendelea, kusudi balaa hili lisitokee. Takataka niliyoitupa ndiyo iliyokuwa imeshika nyumba.

Nadharia zote nne zikafa papo hapo, hazikufufuka. Lakini hakuna aliyeomboleza nadharia. Wakaanza kunisomea mashtaka, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yangu mwenyewe: "Zimepita wiki mbili, Afande." "Daktari ni hodari." Kijana wa boda aliigiza ile ya pacha mpaka akakaa chini kwa kicheko. Mkunga akagonga meza na kikombe.

"Afande amekosea kwa sababu alidanganywa. Huyu amekosea na yeye ndiye aliyedanganya. Tena amemtia binti wa watu mimba mara mbili. Mbuzi achinjwe."

Usiku ule sikulala, nikaingia mtandaoni kutafuta pa kujitetea. (Kama hujafika mwisho wa Lost, ruka aya hii, ingawa umechelewa sana.) Nikakuta kwamba ile nadharia ya "wote wamekufa" ilivuma kwa watazamaji tangu mwanzo, na waandishi wa mfululizo wakaikana. Msimu wa 6 ukaleta kweli mahali pa kukutania baada ya kifo, ila ya kisiwani yalikuwa yametokea, watu wakiwa hai. Tarehe 23 Mei 2010 sehemu ya mwisho ikaonyeshwa, na kituo cha televisheni kikabandika mwishoni picha tulivu za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu. Watazamaji wengi wakasema: si tulisema, wote walikufa! Kwa hiyo Wamarekani, waliotazama kwa mpangilio sahihi miaka 6, walifika palepale alipofika Afande kwa siku kumi na flashi iliyovurugika. Nilimpelekea habari hiyo asubuhi, nikitumaini mbuzi atapona.

"Basi nilikuwa sahihi," akasema. "Leta kisu."

Muchomo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Tukaula tukianza upya, kuanzia sehemu ya 2. Mara hii kila kitu kilikaa mahali pake. Claire alibeba mimba moja, akazaa mara moja, Mkunga akaona hakuna la kusema akalala kitini. Boone akaanguka, akafa, akazikwa. Siku mbili zikapita. Afande akawa anasogea mbele ya kiti kila ufukwe unapoonekana.

"Anarudi lini?"

"Harudi, Afande. Amekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaegemea nyuma, akatazama kioo bila hamu, kama mtu aliyeletewa posho bila mchuzi.

Juzi amekuja kibandani kujaziwa msimu wa pili. Akaweka flashi mezani, akachungulia nje kama Hajji yuko karibu, kisha akainama sikioni mwangu.

"Uisafishe kama ile ya kwanza."