Chuma cha Mamilioni, Kofia ya Trafiki

Jumamosi kijiweni kwa fundi tulikaa kama kawaida, kila mtu anasimulia pikipiki alizowahi kumiliki. Mmoja na Yamaha DT yake ya ujanani, anaigiza mlio wake mpaka mate yanaruka. Mwingine na Honda CG125 aliyorithi kwa marehemu baba yake. Vijana wakaleta Boxer na TVS zao, ubishi wa oili na tairi ukapamba moto. Nikauliza swali moja tu: jamani, kofia mnavaa zipi? Kimya. Halafu jamaa mmoja, ambaye ametoka kufunga ekzosi mpya na taa za LED za kupofusha kijiji kizima, akanijibu: "Kaka, kwani wewe unakwenda mwezini?" Wakacheka sana. Kofia yake ilikuwa inaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Kifungo hakuna, mkanda umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Sasa msije mkaniona mhubiri. Chuma nakipenda, pengine kuliko nyinyi. Nilianza na Mchina mmoja, yaani pikipiki ya Kichina, ambaye jina lake nalihifadhi. Boliti zake zilikuwa zinadondoka moja moja njiani, nikawa natembea na spana mfukoni. Lakini hata huyo nilimheshimu, maana Wachina wengi tuliowapanda mitaani undani wao ni ile ile Honda CG. Honda walipoitoa ile mashine mwaka 1976 waliachana na kamshafti ya juu, isiyovumilia oili chafu, wakaweka vijiti vya kusukuma vali, kwa sababu walijua inakwenda kwa watu wasiogusa oili mpaka injini ianze kulia. Yaani walitujua kabla hatujazaliwa! Baadaye nikapata Yamaha AG100. Wale mliokulia karibu na misheni mnaijua: keria mbele na nyuma, stendi ya ubavuni pande zote mbili, mnyororo umefunikwa wote. Moshi wa 2T, ile oili inayoungua pamoja na petroli, majirani waliusikia kabla hawajaniona. Nikiambiwa leo nichague chuma kimoja cha kuzeeka nacho, ni hicho.

Mnaona? Naweza kuandika hivi mpaka kesho, na ndiyo tatizo letu lenyewe. Vijiti vya injini ya 1976 tunavijua, kilichomo ndani ya kofia hatukijui.

Kuna ganda, na ndani yake kuna lile povu gumu jeupe, la aina wanayofungia televisheni. Povu ndilo lenye kazi. Ukijigonga linapondeka, na katika kupondeka linakula ile nguvu ambayo ingekwenda kwenye ubongo. Likishapondeka halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokula mzinga imekwisha kazi, hata kama ganda linang'aa, hata kama muuzaji anaapa kwamba "imeanguka mara moja tu, boss". Kofia ya mtumba huijui ilikula nini huko ilikotoka. Na ile ya zawadi uliyopewa dukani pamoja na pikipiki, ingiza kidole chini ya kitambaa uone: nyingine hazina hata povu, ni sponji tupu. Hiyo ni kofia ya trafiki. Inavaliwa ukimwona askari kwa mbali, ukishampita inarudi kwenye tangi.

Ukienda kununua, geuza mkanda wa kidevuni utafute lebo iliyoshonwa: herufi E ndani ya duara, alama ya kiwango cha ECE cha Ulaya, na namba ya nchi iliyoipitisha. E3 ni Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania. Kuna na namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Ya 06 ndiyo kiwango kipya, kinapima mpaka lile pigo la kukwaruza linalozungusha kichwa. Stika ya DOT, ile alama ya Marekani, nyuma ya kofia isikulaghai, kuichapa ni kazi ya dakika tano. Kisha ivae, funga, ishike kidevuni uisukume juu kwa nguvu. Ikikutoka, mrudishie mwenyewe.

Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, walipitia tafiti nyingi kwa pamoja wakakuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Niambieni ekzosi yenu inapunguza nini.

Haya, bei. Hapo nakubali, kwa shingo upande. Kofia ya maana ni laki kadhaa, na kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni siwezi kumsimamia barabarani nikamfokea. Ninayemtaka ni bosi wake. Wewe uliyenunua pikipiki tano ukawapa vijana wa watu watano, ukakumbuka bima, ukakumbuka kufuli, ukaandikishana nao mkataba mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, kichwa cha mtoto wa mwenzio umekipa sponji. Nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, muda wa kuona wagonjwa, usiongee na mtu, pita tu kati ya vitanda. Hilo sitaki kulifanyia mzaha.

Joto nalo ni kweli, foleni ya Dar saa saba mchana hakuna anayeifurahia. Ndiyo maana kuna jaketi za matundu. Na hao hao wanaolia joto nimewaona wakivuka Mikumi, kilomita 50 za mbuga, kifua wazi, wakifika Mafinga asubuhi meno yanagongana na vidole havishiki klachi. Glovu ni kitu kidogo jamani. Ukianguka, mkono unatangulia. Kandambili sizijadili kabisa.

Kofia ya abiria inayonuka jasho la mtaa mzima, dada zangu, nawaelewa. Nunueni yenu.

Aliyeniuliza juzi achukue Boxer au TVS: angalia fundi wa mtaani kwako ana spea za ipi dukani, chukua hiyo, halafu ile laki tatu uliyotenga kwa ajili ya rimu za rangi niletee mimi twende wote dukani.