Toleo langu la MGB na kanzu, kabla hamjaamini la bwana harusi

Najua imeshawafikia. Ile sauti ya dakika tatu aliyoituma bwana harusi kwenye grupu la familia, akicheka hadi anakohoa, imeizunguka Leicester nzima, hapa Uingereza, na jana nimepigiwa simu kutoka Mombasa kuulizwa kama kweli nimeungua nyusi. Nyusi ninazo. Kilichoungua ni heshima.

Gari mnalijua: MGB ya 1971, gari la michezo la Kiingereza, ya wazi, injini ya 1798 cc, kabureta mbili (vyombo vya kuchanganya mafuta na hewa) aina ya SU HS4. Mnayajua pia majigambo yangu humu, kwamba MGB yoyote naitibu kwa spana mbili na bisibisi. Yafuteni, tafadhali.

Jumamosi nilikuwa nampeleka bwana harusi kwenye nikaha, saa nane. Yeye joho na kilemba, mimi kanzu nyeupe, mpya, imetoka Maskati wiki iliyopita. Nyuma yetu magari manne na van ya vyombo vya taarabu. Tuko barabara ya A6, gia ya nne, mguu umegusa tu pedeli, injini ikakata. Haikukohoa wala haikulegea. Ilizimika kama taa. Nikakanyaga, ikarudi. Nikalegeza, ikakata tena.

Bwana harusi ni mhasibu. Hajawahi kufungua boneti ya gari lake mwenyewe. Akanyoosha kidole kwenye dashibodi: "Mbona huu mshale umelala sifuri na bado tunakwenda?"

Nikamwambia ashughulike na mahari yake.

(Wanaojua wameshashika vichwa. Kwa wasiojua: kwenye gari hili mshale wa mizunguko ya injini unasoma umeme wa koili, chombo kinachokuza umeme wa cheche. Gari likiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha injini hata kama haiwaki. Kama tatizo ni mafuta, mshale unateremka polepole pamoja na mwendo. Ukidondoka sifuri ghafla na gari bado linakimbia, umeme wa volti ndogo unaopita kwenye koili umekatika, na huna haja ya kugusa kabureta. Mhasibu alinipa jibu bure, tukiwa maili hamsini kwa saa.)

Ilipokata mara ya tatu haikurudi. Tukaegesha pembeni, msafara ukasimama nyuma yetu. Nikafungua swichi, nikasikiliza pampu karibu na gurudumu la nyuma la kulia: tik tik tik, ikanyamaza. Maana yake vibakuli vya kabureta vimejaa. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikauelekeza kwenye chupa ya maji. Nusu lita ikajaa kabla dakika haijaisha. Pampu nzima, mafuta yapo. Mwenye akili angehamia kwenye umeme hapo hapo. Mimi nikatangaza mbele ya mashangazi kumi na mmoja: "Ni uchafu kwenye kabureta."

Nikafungua vile vifuniko vya juu ya kabureta vyenye umbo la kengele, nikachomoa pistoni na sindano zake, nikavipanga juu ya madigadi, seti ya mbele huku, ya nyuma kule. Sikuweka alama. Shangazi mmoja, kwa nia njema kabisa, akavisogeza vyote apanguse vumbi kwa ncha ya leso, kisha akavirudisha "vizuri zaidi". Kila pistoni ya SU imelinganishwa kiwandani na kifuniko chake, haziazimani. Ukiinyanyua kwa kidole na kuiachia, inatakiwa ishuke mpaka chini na kulia *tak*. Zangu zikaganda katikati. Dakika ishirini nikapoteza kutafuta nani mke wa nani, na mafuta ya kwenye vifuniko, yale mepesi ya SAE 20, yakanichuruzika kifuani.

Sasa njooni hapa taratibu, maana hapa ndipo anaposimulia uongo.

Nikamwambia bwana harusi akae kwenye usukani, avute choki, apige stata bila kuacha. Nikaenda nyuma, nikachutama, kiganja mbele ya bomba la moshi, nisikie kama injini inapumua sawa. Kanzu nimeikunja magotini. Stata inalia wuu-wuu-wuu. Harufu ya petroli ikanijia, mbichi, kali. Nikafikiri, vizuri, kabureta zimesafishika. Sikufikiri kwamba petroli isiyochomwa inakwenda kukaa kwenye sailensa, na kwamba inangoja cheche moja tu. Shangazi wa leso alikuwa pembeni yangu na sinia ya haluwa. Nikageuza uso kumwambia, "Mungu akipenda, sasa hivi tu..."

Waya ukagusana.

Sikusikia mlio. Niliona kwanza haluwa iko hewani, ikienda polepole, kisha nyasi, kisha anga. Nilipokaa, kanzu ilikuwa na duara jeusi la masizi kuanzia kitovuni, katikati ya duara kipande cha haluwa kimenata. Mashangazi wamelala kifudifudi. Mpiga udi kaingia chini ya van. Injini iliwaka sekunde mbili, ikazima. Kimya. Kisha sauti kutoka kwenye usukani: "Mshale ulicheza, halafu umelala tena."

Nikatoa taa ya majaribio ya volti 12. Ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye koili, upande wa waya mweupe wenye mstari mweusi unaokwenda kwenye distribyuta, chombo cha kugawa umeme kwa plagi. Ukipiga stata inatakiwa iwake-izime, kadiri platini, zile ncha mbili za ndani ya distribyuta zinazokata na kuunga umeme wa koili, zinavyofunguka na kufunga. Yangu iliwaka moja kwa moja. Yaani umeme unafika kwenye koili, hauendi chini kupitia platini. Nikafungua kofia ya distribyuta, nikauvuta ule waya mfupi wa ndani. Ukarefuka kama mpira. Nyuzi za shaba zilikatika ndani ya ganda, nje unaonekana mzima. Kila ukigusa pedeli kidogo, vakyumu, mvuto wa hewa wa injini, inavuta sahani ya platini huku na huku na waya unapinda. Miaka zaidi ya hamsini ya kupinda.

Tukakata sentimita kumi za waya wa spika ya taarabu, ule wa nyuzi laini, maana waya mgumu ungekatika kabla hatujafika. Nikahakikisha kipande cha plastiki cha kukinga umeme kiko mahali pake waya usiguse bodi. Ikawaka mara ya kwanza. Tulifika saa nane na dakika hamsini, sheikh akanitazama kanzu akasoma haraka haraka, basi.

Kanzu imefuliwa mara tatu na doa lipo. Na kwenye grupu la familia watu wameacha kuniuliza mambo ya magari. Jana binamu kaandika kwamba Corolla yake inakata mlimani, akamtaja bwana harusi. Mhasibu akajibu, yuko fungate: "Mshale ulikuwa wapi?"